"Soweto kuna mtu?": namna ya kumsaidia mtoto mwenye usonji bila kumvunja

Mwaka wa kwanza nilipohamishiwa kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu, kwenye shule moja ya msingi hapa Mbeya, nililetewa mvulana wa miaka saba. Mama yake alisema mtoto haongei, ila anaigiza daladala. Na kweli, kila akikaa darasani kidogo anaanza: "Soweto kuna mtu? Soweto kuna mtu?" Soweto ni kituo kimojawapo cha daladala hapa mjini. Sauti ileile ya konda, halafu anagonga dawati kwa kiganja kama konda anavyogonga bodi ya Hiace. Pa! Pa! Wenzake wakampa jina la Konda.

Mimi niliona ni fujo. Nikafanya nilivyofundishwa: mikono juu ya dawati, mdomo kimya, ukitulia unapata biskuti. Baada ya mwezi na nusu akawa ametulia kweli, na kuna mgeni alikuja kukagua akanisifu. Wiki ileile mama yake akanisimamisha getini. "Mwalimu, siku hizi hata ile ya Soweto hasemi tena. Na ameanza kujing'ata." Akanionyesha mkono wa mtoto. Chini ya kidole gumba ngozi ilikuwa imekuwa sugu, na katikati ya sugu kuna kidonda kibichi.

Nilielewa nikiwa ndani ya daladala, narudi nyumbani. Konda kauliza, "Soweto kuna mtu?" Abiria mmoja kajibu, "Shusha." Gari likasimama, mlango ukafunguliwa, mtu akatoka. Yule mtoto alikuwa ameokota sentensi aliyoona kwa macho yake ikifungua mlango. Kumbe muda wote alikuwa anaomba kutoka nje, nami nilimlipa biskuti aache kuomba.

Mwongozo huu nimeuandika kwa mzazi, bibi, shangazi au mwalimu ambaye ana mtoto wa namna hii nyumbani au darasani, awe Mbeya, Iringa, Njombe au kijijini ambako mtaalamu wa karibu yuko mwendo wa siku nzima. Hatua ni nane, ila hazina uzito sawa. Ya pili na ya nne ndizo nilizochelewa kuzijua, kwa hiyo hapo nitakaa zaidi.

Hatua ya kwanza: pima masikio, na usisubiri karatasi ndipo uanze

Usonji ni namna ubongo ulivyojijenga tangu mtoto akiwa tumboni. Kurithi kuna nafasi kubwa. Hauambukizi, si pepo, si laana ya ukoo, na hautokani na mama kufanya kazi sana. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji, kwa hiyo kata yako ina zaidi ya familia moja inayodhani iko peke yake.

Chanjo nayo haihusiki. Uvumi ule ulishika kasi kutokana na makala ya daktari mmoja wa Uingereza, Andrew Wakefield, iliyotoka mwaka 1998 kwenye jarida la kitabibu la The Lancet. Mwaka 2010 jarida lenyewe liliifuta na yeye akaondolewa kwenye orodha ya madaktari. Mpeleke mtoto akachanjwe surua kama wengine.

Unapokwenda hospitali omba mambo mawili yaangaliwe mapema. La kwanza ni masikio, maana mtoto asiyesikia vizuri naye haitiki akiitwa. La pili ni kifafa, ambacho huwapata watoto wenye usonji zaidi ya watoto wengine, na wakati mwingine hakina kuanguka wala povu, ni kuganda tu macho yakiwa wazi kwa sekunde kadhaa. Kifafa kina dawa, usikiache. Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, uombe rufaa. Kwa ukanda wetu rufaa nyingi huishia Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Beba kadi ya kliniki, na kwenye simu uwe na video tatu fupi: mtoto akicheza, mtoto akiitwa jina, mtoto akiwa amekasirika. Daktari anakaa naye dakika kumi na tano, na dakika hizo mtoto anaweza kuzimaliza akiangalia feni.

Kwa mtoto wa miezi 16 hadi 30 kuna dodoso la maswali 20 ambalo mhudumu wa afya anaweza kukupitisha. Halithibitishi usonji, linaonyesha nani aangaliwe zaidi.

Hatua zote zinazofuata unaweza kuzianza leo hata kama mtoto hajapewa jina la hali yake. Na pesa zako zishike. Hakuna dawa inayoondoa usonji. Kuna maji ya klorini yanayonadiwa mitandaoni kuwa yanautibu, nayo ni kemikali ya kupaushia, yanaunguza utumbo.

Hatua ya pili: wiki mbili za daftari

Nunua daftari la kurasa 48 na kalamu mbili, nyekundu na bluu. Kwa wiki mbili usijaribu kubadili chochote kwa mtoto. Unaandika tu.

Nyekundu ni kwa nyakati ngumu. Andika saa, mahali, kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Bluu ni kwa anachokipenda, anachokiweza na kinachomtuliza. Sharti langu kwa wazazi ni hili: kila siku mistari ya bluu isipungue mitatu. Mama mmoja aliniletea daftari lote jekundu akasema, "Mwalimu, bluu sijapata pa kuitumia." Nikamwomba aniambie mtoto alikula nini jana na alilalaje. Ndani ya dakika tano tulikuwa na mistari sita. Mtoto anazikunja kanga za mama yake pembe kwa pembe na hataki mtu azivuruge. Anajua hodi ya baba kabla mlango haujafunguliwa. Mvua ikiisha anakwenda kuangalia maji yakipita mtaroni, na hapo anacheka peke yake.

Andika kile ambacho kamera ingekiona. "Alikuwa mkorofi" haisaidii, kwa sababu mwaka ujao hutajua ulimaanisha nini. Hii hapa ni kutoka kwenye daftari langu mwenyewe, kabla sijajifunza kuisoma:

"Jumanne saa 4 asubuhi. Alikuwa anapanga vizibo vya soda kwenye ngazi. Kengele imelia. Ameziba masikio, amekimbilia nyuma ya vyoo. Nimemwita hakuja. Amekaa kama dakika kumi, amerudi mwenyewe, ameendelea na vizibo."

Siku ile nililalamika kwamba hakuja nilipomwita. Ukiisoma kwa utulivu, huyu mtoto kafanya mambo manne ya maana. Alijua kinachomuumiza. Alijikinga. Alitafuta mahali tulivu, tena hakuvuka geti. Akarudi alipokuwa tayari. Kuna watu wazima wengi wasioweza hayo. Tatizo lilikuwa kengele, ambayo kwetu ni rimu ya gari inayogongwa kwa nondo. Tulichofanya ni kumpa mvulana huyo kazi ya kuigonga yeye mwenyewe. Mlio akiutoa yeye, tena akijua unakuja, haumtishi.

Wiki mbili zikiisha, pitia kurasa zote kwa mkupuo. Utaona saa zinajirudia, mahali panajirudia. Mtoto "anayelipuka bila sababu" huwa ana sababu mbili au tatu zilezile. Na bluu ndiyo itakayokuambia uanzie wapi kumfundisha.

Hatua ya tatu: sikiliza mwili wake

Watoto wengi wenye usonji wanapokea sauti, mwanga, harufu na mguso kwa kiwango tofauti na chako. Wengine vinawazidi, wengine haviwatoshi, na mtoto yuleyule anaweza asivumilie mashine ya kusaga lakini akapenda kugonga sufuria siku nzima.

Huku kwetu nyanda za juu kuna mambo ambayo miongozo ya Dar haitayataja. Sweta la shule ni mojawapo. Juni na Julai huwezi kumwachia mtoto asivae, na ukiwa Njombe au Makete, ambako umande unaganda, ndiyo kabisa. Lakini sufu ile kwa baadhi yao ni kama upupu. Mvalishe kwanza fulana ya pamba ya mikono mirefu inayofika kiganjani, kata lebo ya shingoni, na likiwa bado linamsumbua mwombe mwalimu mkuu akuruhusu kutumia sweta laini la rangi hiyohiyo. Sijawahi kuona mwalimu mkuu aliyekataa baada ya kuelezwa vizuri.

Kisha kuna mvua juu ya bati. Kuanzia Novemba mpaka Aprili inaweza kunyesha kila mchana, na nyumba isiyo na dari inanguruma kama kiwanda. Mwandalie kona yenye godoro na blanketi, mbali na dirisha, aende mwenyewe anapoona wingu. Kofia ya sufu iliyoshuka masikioni inapunguza kelele, na hakuna atakayemshangaa maana nusu ya Mbeya tumevaa hivyo.

Na makande. Mtoto anakula mahindi, anakula maharage, lakini makande anatapika. Hadeki. Kwenye tonge moja kuna kigumu, laini na maganda kwa pamoja, na mdomo wake haujui ujiandae kwa kipi. Mtengee maharage huku na mahindi huku, visigusane. Usimshike pua, usimlazimishe kumaliza, na usimnyime anachokubali ili njaa imfundishe. Chakula kipya kikae mezani siku nyingi bila kuombwa akionje, akikigusa tu imetosha. Akibaki na vyakula vichache kabisa, au uzito ukishuka, hilo ni la daktari.

Kupiga mikono kama mbawa, kuyumba, kuzungukazunguka, kunusa vitu: hivyo ni namna yake ya kujituliza au kufurahi. Usivizuie. Ingilia pale tu anapojiumiza au kumuumiza mwingine, na hapo mpe kitu kingine kinachomfanyia mwili wake kazi ileile. Anayejing'ata mkono apate kipande cha kitambaa safi kilichofungwa fundo cha kung'ata, wakati wewe unatafuta kinachomfanya ajing'ate. Wengi hutulizwa na kazi ya nguvu kidogo: kubeba ndoo nusu, kusukuma toroli, kukanda unga wa chapati.

Macho pia muachie. Wapo ambao kukutazama usoni kunawanyang'anya nafasi ya kusikia unachosema. "Niangalie nikikuambia" ina maana unamtaka achague kimoja.

Hatua ya nne: anachokisema tayari ni lugha

Rudi kwa Konda. Kurudia maneno aliyoyasikia kwa wengine, wataalamu wanakuita ekolalia. Zamani kulihesabiwa kama kelele za kukomeshwa. Leo wataalamu wengi wa lugha wanakuona ni mlango: mtoto anabeba sentensi nzima pamoja na tukio lake, ndipo baadaye anaikatakata kuwa maneno. Kazi yako ni kutafuta sentensi hiyo ilitoka wapi. Mtoto mmoja wa Iringa, mtoto wa rafiki yangu, alikuwa akiumwa anasema "tangazo la vifo". Nyumbani kwao redio ilikuwa inasikilizwa kwa makini na kila mtu ananyamaza wakati wa matangazo ya vifo. Alikuwa anaomba wanyamaze, kichwa kinauma.

Baada ya kuelewa Soweto, nilikata boksi la sabuni, nikachora Hiace yenye mlango wazi, nikaibandika kwa gundi pembeni ya mlango wa darasa, urefu wa kifua chake. Alipoanza tena kujishika mkono nikamsogeza pale, nikagusa picha na kusema kwa sauti yake ya konda: "Shusha!" Nikafungua mlango, tukatoka wote mpaka chini ya mparachichi. Tukakaa kidogo, tukarudi. Siku ya tatu aligusa mwenyewe.

Wiki ile ya kwanza alitoka mara kumi na nne kwa siku moja. Wenzangu wakanionya kwamba nimemfundisha kutoroka. Kusema kweli hata mimi niliogopa. Wiki ya tatu zikabaki nne au tano. Mtu anayejua mlango utafunguka hana haja ya kuuangalia muda wote. Mkono ukapona, ingawa sugu bado ipo.

Ukitaka kuanza nyumbani, chagua mambo matano tu ambayo mtoto anayahitaji sana. Kwa wengi ni maji, choo, nje, inatosha na nisaidie. Piga picha ya kikombe chake halisi, choo chenu halisi, uzisafishe studio, au chora. Weka kila picha mahali jambo lenyewe linapotokea. Kila unaposema neno, gusa picha. Usimwambie "sema maji kwanza ndipo nikupe". Akigusa, mpe. Akikushika mkono akakupeleka kwenye mtungi, hilo nalo ni ombi kamili, mpe. Wazazi huniuliza kama picha zitamfanya awe mvivu wa kuongea. Hazifanyi hivyo. Mtoto anayeelewa kwamba kuwasiliana kunaleta matokeo huongeza juhudi, na wengine maneno huja juu ya picha.

Ukimuuliza kitu, kaa kimya uhesabu mpaka kumi moyoni. Sisi tunauliza, tunarudia, tunabadilisha swali, tunajibu wenyewe, yote ndani ya sekunde tano, halafu tunasema hajibu.

Na lugha za nyumbani zibaki. Kama bibi anamsalimia kwa Kinyakyusa au Kihehe, amsalimie. Utafiti haujaonyesha kwamba lugha mbili zinamrudisha nyuma mtoto mwenye usonji, na kumkatia lugha ya bibi ni kumkatia bibi.

Hatua ya tano: ingia kwenye mchezo wake

Dakika kumi na tano kwa siku, simu mfukoni. Kaa chini, usawa wake, pembeni badala ya mbele. Anapanga vizibo? Chukua vyako, panga mstari wako. Usiseme "hebu tujenge nyumba". Usiulize rangi. Akisimama, simama. Akikuchungulia kuona unafanya nini, hapo mmeanza kucheza wawili. Siku nyingine atakupa kizibo kimoja mkononi, nawe utaelewa kwa nini nasema jambo hili lina thamani kuliko karatasi nyingi za mazoezi.

Anachokipenda kisifanywe zawadi ya kufungiwa kabatini mpaka atii. Kitumie kama barabara. Konda alijifunza kusoma kwa vibao vya daladala: niliandika Mafiati, Kabwe, Soweto, Uyole kwenye vipande vya kadibodi, tukavipanga sakafuni kama njia ya gari. Hesabu ya kutoa alijifunza kwa nauli na chenji, na hapo aliwapita watoto wa darasa la kawaida, kwa sababu wao walikuwa wanajumlisha maembe ambayo hayapo na yeye alikuwa na abiria wa kweli. Mwingine anapenda mifereji ya maji. Huyo ana somo zima la sayansi na bustani ya umwagiliaji. Anayekunja kanga pembe kwa pembe anaweza kuwa fundi.

Shirika la Afya Duniani lina programu ya kuwafundisha walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 mambo ya namna hii, yenye vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Imetengenezwa ili hata mtu asiye mtaalamu aliyefunzwa aweze kuiendesha. Muulize afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako kama kuna mtu aliyepata mafunzo hayo.

Hatua ya sita: mwonyeshe siku yake

Kisichojulikana kinachosha kuliko kazi. Chukua kamba ya kuanikia na vibanio vya nguo, tundika picha za siku kwa mpangilio: chai, shule, kucheza, chakula, kuoga, kulala. Likiisha moja, alitoe mwenyewe. Kukiwa na mabadiliko, kama kwenda kliniki au msibani, tundika picha yake tangu jana. Kwa safari ndefu, tuseme Tukuyu kwa bibi, mwonyeshe na picha ya kurudi. Inasahaulika mara nyingi, na mtoto anaweza kulia njia nzima akidhani amehamishwa.

Hatua ya saba: akizidiwa

Anayedeka anakuangalia kuona kama mbinu imefanya kazi, na akipata alichotaka ananyamaza. Aliyezidiwa haangalii mtu, na hata ukimpa alichokuwa anakitaka hawezi kuacha. Hapo hakuna somo linaloingia.

Punguza kelele, punguza watu, nyamaza. Ukilazimika kusema, maneno mawili: "Niko hapa." Usimshike isipokuwa anakimbilia hatari. Waambie wanaotazama wasogee. Sokoni Mwanjelwa mimi husema tu, "Mama zangu, mtoto anaumwa kichwa, tupisheni hewa," na watu hupisha. Akitulia mpe maji, umwache apumzike, na usimsimange jioni mbele ya baba. Saa ile ikipita, andika kwenye daftari.

Fimbo haimfundishi kitu aliyezidiwa. Inamwongezea kile kilichomzidi, na inamfundisha kwamba mtu aliyemkimbilia naye anauma.

Kuna watoto wanaokimbia ghafla, na maji yanawavuta. Kama unaishi karibu na mto, bwawa, au barabara kuu ya malori ya Tunduma, weka komeo la juu mlangoni, andika namba yako ya simu ndani ya kola ya shati kwa kalamu isiyofutika, na wajulishe bodaboda wa kijiweni kwenu. Wale wanaona kila kitu.

Hatua ya nane: ukimpata mtaalamu, muulize maswali

Wataalamu wanaohitajika zaidi ni wa tiba kazi, yaani wanaomsaidia mtoto kumudu shughuli za kila siku kama kuvaa na kula, na wa tiba ya usemi. Watabibu kazi wengi nchini wamesomea pale hospitali ya KCMC, Moshi. Wa usemi ni wachache mno. Uchache huo unatufanya wazazi tumpokee yeyote kama malaika. Mpokee kwa heshima, lakini uliza.

Uliza lengo lake ni lipi. Akisema anataka mtoto aonekane kama wengine, asipunge mikono, aangalie machoni, mwambie asante, utafikiria. Akisema anataka mtoto aweze kuomba, kukataa, kuvaa, kula, kucheza na kujituliza, kaa. Uliza kama unaruhusiwa kuwepo ndani. Mlango ukifungwa kwako, ondoka. Uliza mtoto akisema hapana kwa mwili wake, akageuka au akasukuma, yeye anafanyaje. Uliza kama anamnyima mtoto chakula au kitu anachokipenda ili atii.

Utasikia habari za mazoezi ya kurekebisha tabia, saa 40 kwa wiki. Asili yake ni Marekani: mwanasaikolojia Ole Ivar Lovaas alichapisha matokeo yake mwaka 1987, na kwenye mbinu zake za wakati ule kukemea kwa sauti kubwa na kofi la pajani vilikuwemo. Wengi wanaofuata njia hiyo leo wameacha adhabu, hilo tuwape. Lakini watu wazima wenye usonji waliopitia mafunzo ya kutii wanasimulia walivyojifunza kuficha maumivu, na mimi, niliyemnyamazisha mtoto kwa biskuti, siwezi kubishana nao. Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: wao hawatuelewi, na sisi hatuwaelewi. Tofauti ni kwamba anayepelekwa tiba ni mmoja.

Shuleni, Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, iko upande wako mtoto anapokataliwa. Nenda nayo kwa upole, uende na lile daftari. Ukurasa mmoja unamtosha mwalimu: anachopenda, kinachomuumiza, anavyoomba msaada, akizidiwa mfanye hivi.

Ndugu watakuwa na ushauri mwingi. Bibi atasema mtoto amelogwa, apelekwe kwa maombi. Maombi hayagombani na picha za ukutani, mradi mtoto asifungwe kamba, asilazimishwe kufunga kula na asiachishwe dawa za kifafa. Mpe bibi kazi katika mpango: yeye ndiye atakayesimamia dakika kumi na tano za jioni. Nimeona mabibi wakiwa bora kuliko sisi wa vyeti. Hawana haraka. Na wewe mlezi tafuta usiku mmoja kwa wiki ambao mtu mwingine anaamka, maana watoto wengi hawa usingizi wao ni wa mang'amung'amu na hakuna mtu anayeweza kuhesabu mpaka kumi kwa subira akiwa hajalala siku nne.

Konda sasa ana miaka kumi na miwili. Bado anajituliza kwa kugonga, bado hataki makande. Mwezi uliopita nilipanda naye na mama yake gari la Uyole. Tulipokaribia kituo changu nilikuwa nimezama kwenye simu. Akanigonga begani mara mbili, pa, pa, bila kuniangalia.

"Mwalimu, hapa kuna mtu?"

"Shusha," nikamjibu.